Nyasi Zinapogoma Uani: Kutafuta Sababu na Kuchagua Aina kwa Nyua za Kivuli Tanga

Kila mwaka ikiingia Februari napokea malalamiko ya aina moja. Vuli imeshasahaulika, masika bado, kaskazi inavuma kavu, na mtu ananiita kwake: "Fundi, hizi zimekufa. Nipandie nyasi zinazovumilia ukame." Nikifika nakuta mwembe katikati ya ua, ukuta wa mita mbili na nusu pembeni, na upande wa pili ghorofa la jirani. Kwa nyasi za ua kama huo, kiu haikuwa maradhi ya kwanza. Zilianza kudhoofu tangu Mei, kivulini, na jua la Februari limekuja kumalizia.

Ugumu wenyewe ni huu. Nyasi zinazosifika kwa kuvumilia ukame ni nyasi za juani karibu zote. Zinazovumilia kivuli, nyingi zimezoea udongo wenye unyevu. Mwenye ua wa kivuli asiye na maji ya kumwaga anabaki na chaguo chache mno, na hata hizo zitamkatalia asipojua jua linaingia kwake saa ngapi na mwezi gani. Kwa hiyo nitaanza na jua, halafu nyasi zenyewe, kisha nitaingia kwenye dalili moja moja.

Hesabu jua, tena mara mbili kwa mwaka

Chukua vijiti kumi na kamba ya katani, kitu ambacho Tanga hakina shida. Chomeka vijiti sehemu mbalimbali: chini ya mti, kando ya ukuta, katikati ya ua, pale nyasi zinapokufa na pale zinapostawi. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, kila baada ya saa moja pita na daftari uandike kijiti kipi kina jua, kipi kina kivuli, na kipi kina jua la madoadoa linalopenya majani. Jua la madoadoa mimi nalihesabu nusu. Jioni jumlisha, kisha zungushia kamba maeneo yanayofanana.

Eneo lenye jumla ya saa sita za jua au zaidi linakubali karibu nyasi yoyote ya pwani. Lenye saa nne hadi sita linataka nyasi ya kivuli. Likishuka chini ya nne utahangaika, na chini ya tatu usipande nyasi kabisa. Nitasema hapo chini upande au uweke nini.

Kosa linaloumiza wengi ni kuhesabu siku moja na kuiamini mwaka mzima. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba mchana jua liko upande wa kaskazini, na kivuli cha ukuta kinaangukia kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo yanageuka: jua liko kusini, kivuli kinaangukia kaskazini. Ukuta wa mita 2.5 uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi, mwezi Juni jua likiwa juu kabisa, unatupa kivuli cha karibu mita 1.4 upande wake wa kusini. Desemba ukuta huohuo unatupa kivuli cha kama mita 0.8 upande wa kaskazini. Nyumba ya ghorofa yenye kimo cha mita 6 inafunika zaidi ya mita 3 mwezi Juni. Kwa Bagamoyo tofauti ni ndogo sana, unaweza kutumia vipimo hivihivi.

Sasa fikiria nyasi zilizoko kusini mwa nyumba. Kusi yote, kuanzia Aprili, ziko gizani. Zinaota majani marefu na laini, mizizi inabaki juujuu kwa sababu udongo una unyevu na chakula ni kidogo. Oktoba jua linaanza kuzifikia. Januari na Februari linazipiga kisawasawa, na mvua hakuna. Nyasi iliyolelewa kivulini inatupwa juani na kwenye kiu kwa wakati mmoja. Upande wa kaskazini mambo ni nafuu: jua linapatikana wakati wa mvua na wa baridi, na kiangazi kinapokaza kuna ukanda mwembamba wa kivuli. Kwa hiyo mtu akinionyesha nyasi zilizokauka, kabla ya kuinama naangalia kibla kiko wapi. Hapa kwetu ni kaskazini, na uelekeo wa nyumba unanieleza nusu ya habari.

Nyasi tulizonazo

Neno ukoka tunalitumia kwa kila nyasi ya bustani, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Ukoka halisi ni ule mwembamba, wenye rangi ya kijani kijivu, unaochanua vidole vitatu hadi saba kama mguu wa kuku. Huu ndio bingwa wa ukame. Una vitambazi, yaani mashina yanayotambaa, juu ya ardhi na vingine chini ya ardhi. Majani yakikauka yote, vile vya chini vinasubiri, mvua ikinyesha unaota tena. Lakini kivuli hauwezi. Ukiupa saa nne za jua utakupa uzi na ardhi tupu.

Kwa ua wa kivuli pwani, nyasi ninayoitetea ni ile wauza bustani wanayoiita Pemba. Ni nyasi ya mwambao wetu wenyewe, jani lake pana lenye ncha butu kama mtumbwi, shina lake limebapa, na inavumilia chumvi ya bahari. Kwa saa nne za jua inafunika ardhi vizuri. Ukame inauvumilia kwa kiasi: itakunja majani, itapauka, lakini ikipata maji kila wiki wakati wa kiangazi inapona. Udhaifu wake ni kwamba vitambazi vyake vyote viko juu ya ardhi. Vikikauka hadi kwenye vifundo, pale majani na mizizi inapotokea, hakuna akiba chini, kwa hiyo usiiache ifike huko ukidhani itafufuka kama ukoka.

Zoisia ni chaguo la pili. Inavumilia ukame vizuri na kivuli kwa wastani, na ina vitambazi vya chini. Ila inakua polepole sana. Mwaka mzima unaweza kupita kabla haijafunika, na wakati huo magugu hayakusubiri. Ninaishauri kwa ua mdogo na mtu mwenye subira.

Kapeti ni ile laini yenye jani pana lisilo nene, inayopendeza kama zulia. Kivuli inakipenda, ukame inauogopa. Paspalamu ya baharini ni ya juani na maji ya chumvi. Kikuyu iache Lushoto. Inapenda baridi ya milimani, na wanaoishusha huku wanaipeleka kwenye joto isilolizoea. Ukisoma ushauri wa nje kuhusu nyasi ya "bafalo" kuwa macho, maana Marekani jina hilo ni la nyasi ya mbugani inayotaka jua kali, na Australia ni la ndugu wa Pemba anayekubali kivuli. Watu wawili wanaweza kusifia bafalo na kila mmoja ana nyasi yake.

Dalili: majani yamerefuka na kukonda, ardhi inaonekana katikati

Hii ni njaa ya jua, na uthibitisho unao mkononi. Ng'oa kitambazi kimoja kutoka sehemu inayosumbua na kingine kutoka sehemu yenye jua, uvilaze sambamba kwenye baraza. Angalia umbali kati ya kifundo na kifundo. Cha juani vifundo vimekaribiana, kila kifundo kina mzizi na kishada cha majani. Cha kivulini kimevutika, vifundo vimeachana, vingine havina mzizi kabisa, na majani mawili matatu yamesimama wima yakitafuta mwanga. Ukiona tofauti hiyo, maji na mbolea hazitakusaidia. Mbolea itazidisha: nyasi itarefuka zaidi na kulala.

Kisha mtazame mwenye kivuli. Miti haifanani. Chini ya mnazi nyasi zinaota bila shida, kwa kuwa kivuli chake ni chepesi na kinatembea. Mkwaju nao majani yake ni madogo, mwanga unapenya. Mwarobaini uko katikati. Ukipunguza matawi ya chini hadi mita 3 kutoka ardhini, jua la asubuhi na la jioni linaingia kwa ubavu, na mara nyingi hiyo peke yake inaongeza saa moja na nusu. Mkungu matawi yake yamelala kama sakafu za ghorofa na majani yake makubwa yanaanguka na kufunika kila kitu. Hapo fagio ni muhimu kuliko mpira wa maji, kwani jani moja la mkungu likilala wiki moja juu ya nyasi, ukiliinua unakuta umbo lake limechorwa kwa manjano. Mwembe uliokomaa, na mfenesi, usishindane nao. Kivuli chao ni kizito mwaka mzima.

Kupogoa kuna mpaka. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mara moja, mti usije ukachipua vichipukizi ovyo na kuwa mzito kuliko mwanzo.

Baada ya hapo badili nyasi, na badili namna ya kukata. Pemba ya kivulini iache na kimo cha sentimita 7 hadi 10. Jani ndilo linalokusanya mwanga, na penye mwanga haba kila jani lina thamani. Vijana wanaokuja na fyekeo wana mazoea ya kunyoa hadi udongo uonekane, kwa sababu mwenye nyumba anataka aone kazi imefanyika. Simama naye. Mwambie asikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani. Nimeona nyua za Raskazone zilizokuwa nzuri zikiharibika kwa miezi miwili tu ya fyekeo la chini.

Dalili: ukikanyaga, nyayo zinabaki

Nyasi yenye maji ukiikanyaga inajiinua. Yenye kiu inabaki imelala, majani yamejikunja kwa urefu, rangi imeelekea kwenye bluu ya kijivu. Ukiona hivyo asubuhi, kabla jua halijakolea, basi kiu ni ya kweli. Ukiiona saa nane mchana peke yake, ngoja uangalie tena alfajiri.

Chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini. Ikizama sentimita 12 hadi 15 kwa mkono mmoja, udongo una maji. Ikigoma sentimita 4, unamwagilia juujuu. Chini ya mti jaribu sehemu tatu, maana mizizi ya mti inakunywa kabla ya nyasi, na hapo ndipo watu wanaposhangaa: "Mbona kivulini pakavu kuliko juani?" Kivuli kinapunguza maji yanayopotea hewani, lakini mti wenyewe ni mnywaji mkubwa, tena mvua ndogo inaishia kwenye majani yake bila kufika chini.

Hesabu ya maji ni rahisi. Ndoo ya lita 20 kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 20. Kiangazi, Pemba inataka milimita 20 hadi 25 kwa wiki, yaani ndoo moja na kidogo kwa kila mita. Ua wa mita za mraba 40 utakunywa kama lita 1,000 kwa wiki. Piga hesabu hiyo kabla ya kupanda, ulinganishe na tangi lako na bili yako ya maji. Ikiwa haiwezekani, punguza eneo la nyasi. Ni heri mita 15 za nyasi hai kuliko 40 za majani makavu.

Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, hadi chini, asubuhi mapema. Kunyunyiza kila jioni kunailea mizizi ya juujuu, ambayo ndiyo inayokufa kwanza Februari. Kwenye mchanga mtupu gawa kiasi hicho mara mbili, maji yasipite moja kwa moja.

Angalia pia kando ya pevingi na karibu na ukuta uliopakwa chokaa. Vinarudisha joto, na ukanda wa kama mkono mmoja hapo hukauka wa kwanza. Ukiwa na ndoo moja tu ya ziada, ipeleke huko.

Dalili: zilipendeza tangu masika, kiangazi zikafa zote kwa pamoja

Hili lilinikuta mwenyewe. Nilinunua viroba vya nyasi kwenye kitalu kimoja nikaambiwa ni Pemba. Jani pana, kijani nzuri, nikapanda kwa mteja mmoja Chumbageni mwanzoni mwa Aprili. Hadi Desemba ua ulikuwa unasifiwa na kila aingiaye. Kufika katikati ya Februari, wakati maji ya bomba yalipokuwa ya mgawo, ua wote ulikuwa rangi ya mkeka. Nilipiga magoti nikatafuta shina lililochanua, nikapata moja kavu. Lilikuwa na vidole viwili vyembamba vilivyoachana kama herufi V. Ilikuwa kapeti. Ua la Pemba halina vidole: ni suke moja nene, bapa, mbegu zimepachikwa ndani yake kama punje kwenye gunzi. Ningelitazama hilo siku ya kununua, yule mama asingepoteza fedha yake. Nilimpandia upya kwa gharama yangu.

Tangu hapo sinunui nyasi bila kuomba nione ilipootea, nitafute suke. Kama hakuna lililochanua, nashika jani: la kapeti si nene na pembeni limejikunjakunja kidogo, la Pemba ni nene, limenyooka, na ncha yake ni butu ukiigusa kwa kidole. Mwenye kitalu mwaminifu hataona vibaya.

Kama tayari una kapeti na maji yapo, iache, ni nyasi nzuri. Kama maji hayapo, usingoje ife. Panda Pemba katikati yake masika ijayo, itaifunika yenyewe.

Dalili: manjano

Tenga manjano ya aina mbili kabla ya kununua chochote.

Jani likiwa la manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, kama karatasi ya mistari, na yanayoanza ni majani machanga, nyasi haipati madini ya chuma. Tanga hili ni la kawaida kwa sababu sehemu kubwa tunakaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Maweni hapakuitwa hivyo bure, na mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayohayo ya chokaa. Chuma kimo kwenye udongo, ila chokaa inakifunga mizizi isikichukue. Kwenye nyumba mpya hali inazidi, maana mafundi huacha saruji na vipande vya tofali chini ya udongo wa sentimita tano. Chimba uone. Kuna siku Kange nilitoa toroli nane za kifusi kwenye ua wa mita kumi.

Tiba ni samadi iliyooza vizuri au mboji, tandaza unene wa sentimita moja mwanzoni mwa masika na tena vuli. Salfeti ya chuma ya kupulizia, inayopatikana kwenye maduka ya pembejeo, itarudisha kijani kwa muda, lakini kwenye ardhi ya chokaa haidumu. Tena ikidondokea kwenye pevingi inaacha doa la kutu. Na tafadhali acha kumwaga majivu ya jiko uani. Majivu ni mazuri shambani kwenye udongo mchachu. Kwenye udongo wa chokaa yanakaza tatizo.

Manjano ya pili ni ya jani zima, bila mistari, yanayoanzia majani ya zamani ya chini. Hiyo ni upungufu wa naitrojeni. Urea gramu 5 kwa mita ya mraba, yaani kijiko cha chai kilichojaa, inatosha kwa nyasi ya kivulini, mara mbili kwa mwaka, udongo ukiwa na maji, kisha umwagilie tena. Nyasi ya juani ungeipa mara mbili ya hapo. Ya kivulini ukiipa hivyo unaiita ukungu.

Dalili: ncha zimeungua, udongo una ukoko mweupe

Ni chumvi. Onja maji ya kisima, ulimi utakuambia. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvichumvi, na kiangazi kikikaza inaongezeka. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku, maji yanapaa na chumvi inabaki juu. Mwagilia kwa wingi na kwa nadra ili ishuke chini ya mizizi, na kama una maji ya mvua au ya bomba, tenga angalau mara moja kila wiki mbili kwa kusuuza. Pemba inavumilia hali hii, kapeti haivumilii.

Maji ya kufulia yana shida inayofanana, kwa sababu ya magadi ya kwenye sabuni, na yakiendelea kumwagwa sehemu moja udongo wenyewe unagandamana na kuwa mgumu. Maji ya kusuuzia ya mwisho hayana neno.

Dalili: viraka

Kiraka chenye mpaka mkali, kama kimekatwa kwa kisu, mara nyingi ni mkono wa mtu: jiko la mkaa lilikaa hapo, sufuria ya maji ya moto ilimwagwa, mafuta ya bodaboda yalivuja. Uliza nyumbani kabla ya kununua dawa.

Kiraka ukikishika na nyasi ikainuka kama mkeka bila mizizi, funua udongo. Utakuta funza weupe waliojikunja, wanakula mizizi. Waokote, kuku watakushukuru. Ukikuta vijia vya udongo vimepita juu ya majani makavu, ni mchwa, na mara nyingi wanafuata vipande vya mbao za ujenzi vilivyozikwa. Toa mbao, ondoa majani yaliyokufa, mwagilia.

Kiraka kinachotanuka kwa mviringo wakati wa masika, majani yakiwa na madoa ya kijivu yenye kingo nyeusi, ni ukungu. Hapa ua wa kivuli una udhaifu wake: umande haukauki. Acha urea, acha kumwagilia jioni, kata tawi moja upepo upite. Dawa ya ukungu ije mwisho.

Ardhi ngumu inayoteleza kwa ukijani, bila nyasi, ni njia ya watu au maegesho. Toboa kwa uma wa shamba, na kama watu wataendelea kupita weka mawe ya kukanyagia. Ndago zikitawala, angalia bomba linalovuja.

Pale ambapo hapatafaa

Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kuna bibi aliniita kwa ajili ya ua wake ulio chini ya mwarobaini, umezungukwa na kuta pande tatu. Nilimwamkia, akanikaribisha kahawa, akaniambia, "Mwanangu, hapa nimepanda mara nne, pamegoma." Tulihesabu pamoja akiwa amekaa kwenye jamvi: saa mbili na nusu. Nikamwambia, "Bibi, hapa nyasi haitakaa hata aje nani." Tukaweka mchanga safi chini ya mti, wa kufagia kwa chelewa kama nyua za zamani zilivyokuwa, na benchi moja. Pemba tukaipanda ukanda wa mita moja na nusu upande wa lango, penye saa tano za jua. Ua ule sasa unakunywa ndoo tisa kwa wiki.

Kama mchanga hauutaki, kokoto zinafaa, au mondo, yale majani membamba ya kijani kizito yanayoota kwa vishada na kuridhika na mwanga mdogo. Yapande kwa umbali wa shibiri. Usirundike udongo juu ya mizizi ya mti zaidi ya sentimita 5, utauumiza.

Kupanda

Masika ndiyo wakati, mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, kwa kawaida mwishoni mwa Machi. Vuli pia inawezekana, lakini nyasi itakuwa changa Januari ikifika, na itahitaji maji ya mkono. Usipande Januari kwa sababu fundi ana nafasi.

Tifua sentimita 15, toa kifusi na mizizi midogo bila kukata mikubwa ya mti, changanya samadi iliyooza. Pemba haipandwi kwa mbegu. Kata vitambazi vyenye vifundo vitatu au vinne, fukia vifundo viwili, acha majani juu, kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande. Kivulini fanya 10, maana haitajaza haraka. Kanyaga kwa mguu mtupu ili udongo ushike mzizi. Mwagilia kila siku wiki mbili za kwanza kama mvua hainyeshi, wiki ya tatu mwagilia siku moja na kuruka moja, baadaye nenda kwenye ratiba ya wiki.

Ukikata mapema unaua. Mara ya kwanza ngoja hadi nyasi ifikie sentimita 12 na ukivuta kishada kwa vidole kikatae kutoka. Kata hadi 8. Kabla ya kukata pita na reki, toa majani ya mti, na ukiona kifundo kimelala hewani bila mzizi kibandike chini kwa kijiti kilichopinda. Mwezi Juni rudi na vijiti vyako na daftari, hesabu tena. Desemba vivyo hivyo.